Viatu vya Jumapili

Kama mtu mwenye koti jeupe amekuambia "utazoea", haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi niliambiwa neno hilo mara tatu, na mtu yule yule, kwenye biro, yaani ofisi, ile ile, na mara zote tatu nilisema aksanti, nikarudi nyumbani kuanguka.

Naitwa Katungu. Kwetu ni Butembo. Baba alikufa nikiwa mdogo, na mama ametulea kwa kuuza viatu sokoni, kwa hiyo nilijua viatu kabla sijajua kusoma. Nilikuja Goma kujifunza ualimu wa historia na jiografia, nikakaa mtaa wa Kyeshero kwa dada yangu mkubwa, Masika, na mume wake na watoto wao watano. Nilikuwa na miguu miwili na kiburi kingi. Kiburi bado ninacho.

Ugonjwa ulianza na mvua za Septemba, nikiwa mwaka wa pili. Mfupa wa mbele wa mguu wa kushoto, chini ya goti, uliniuma kama jino. Halafu homa. Masika akasema malaria, tukanunua vidonge. Homa ikatulia siku mbili, ikarudi. Jirani akaja kuangalia, akatikisa kichwa na kusema, "Hiyo haiko malaria. Kuna mutu amemutegea dawa, naye ameikanyaga." Basi nikanywa majani yaliyochemshwa, wiki tano nzima. Simlaumu mtu. Chungu kilikuwa cha Masika, lakini kinywa kilikuwa changu.

Tulipofika hospitali, daktari alibonyeza mguu kwa kidole gumba, akaniangalia usoni kwa huruma, nikajua. Walipasua mara ya kwanza kutoa usaha, wakapasua mara ya pili mwezi wa Novemba, na wiki moja kabla ya Noeli waliukata, chini kidogo ya goti. Mambo ya mfupa na wadudu wake sitayaeleza hapa. Daktari wako atakueleza, au hatakueleza.

Nitakueleza kuhusu chumba. Wakati ule vita vilikuwa vimeshasogea karibu na mji, na wodi ya wanawake ilikuwa imejaa watu wa risasi na wa bombe. Kila asubuhi walikuja wageni wa mashirika wenye madaftari. Walipita kitanda kwa kitanda, wakakaa, wakashika mikono ya wagonjwa, wakauliza ilikuwaje. Walipofika kwangu waliuliza, "Na wewe, ulipigiwa wapi?"

"Sikupigwa. Ni ugonjwa wa mfupa."

"Ah. Pole sana." Daftari linafungwa, mgeni anaenda kitanda kinachofuata.

Utacheka, lakini nilianza kuona haya kwa sababu sikupigwa risasi. Mguu wangu haukuwa na hadithi. Ulioza tu, kimya kimya, wakati watu wa maana walikuwa wanapigana. Mtu mmoja tu hakunipita: bibi mmoja wa kitanda cha jirani, aliyefungwa bandeji mkono mzima. Nilikuwa nimemwambia kwamba ule mguu uliokatwa bado unaniwasha kwenye kisigino. Hakunicheka. Tangu siku ile, kila alfajiri aliniuliza, "Mguu umeamukaje?" akimaanisha ule ambao haukuwepo. Nami nilimpa habari zake. Alipotoka hospitali, hakuna mwingine aliyeuliza.

Nyumbani nilikuta pazia la kitenge limefungwa kwenye kona ya chumba cha watoto, na nyuma yake kitanda changu. Shemeji alikuwa amepokea ndugu zake waliokimbia vita upande wa Rutshuru, na nyumba ya vyumba viwili ilikuwa na watu kumi na wanne. Masika alinibeba mgongoni kwenda chooni, asubuhi na jioni, wiki sita. Ninataka hilo lijulikane kabla sijasema linalofuata. Siku moja nilimsikia akimwambia mume wake, "Nilipokea dada. Sasa niko na mutoto wa sita." Alisema kwa uchovu, si kwa ubaya. Lakini kitenge hakizuii maneno, na tangu siku ile nilipunguza kunywa maji ili nisiombe kubebwa.

Mwili ulibadilika kwa namna ambazo hakuna aliyenitayarisha. Paja la kushoto lilikonda mpaka nikaweza kulizungushia mikono miwili. Kigutu kilikuwa na ngozi inayong'aa, nyekundu kwenye mshono, na nilipokiosha nilihisi ninamwosha mtoto wa mtu mwingine. Mama alipiga simu kila Jumatano. Barabara ya Butembo ilikuwa imekatwa, magari hayapiti, hakuweza kuja. Aliniuliza kama ninakula. Nilisema ninakula. Tuliongea hivyo, yeye akiniogopea, mimi nikimficha.

Mguu wa bandia ulikuwa tumaini langu lote. Kulikuwa na kampuni moja yenye biro kule mtaa wa Himbi, iliyokuwa inaleta vifaa kwa wanafunzi walemavu wa vyuo vikuu: miguu, viti vya magurudumu, magongo, miwani ya wasioona vizuri. Shirika fulani lililipa, sisi tulileta karatasi ya chuo kuonyesha tumeandikishwa. Ukiacha masomo, dosye yako, yaani faili, inafungwa. Hapo ndipo mambo yangu mawili yalipofungwa pamoja: bila mguu nisingesoma, na bila kusoma nisingekuwa na mguu.

Sebule yao ya kungojea ilikuwa safi. Ukutani kulikuwa na picha ya mwanaume mwenye mguu wa chuma anayeendesha baiskeli na kucheka. Kulikuwa na mabenchi mawili, moja kila upande. Wanafunzi tulikuwa na kadi ya kijani, tulikaa chini ya picha. Upande wa pili walikaa wakimbizi wa makambi, wenye kadi ya njano, maana wao walilipiwa na watu wengine. Hakuna aliyetukataza kuongea. Lakini kadi ni kadi. Miezi kumi niliyoenda pale sikuwahi kumsalimu mtu wa benchi la njano zaidi ya kutikisa kichwa.

Walichukua kipimo cha kigutu kwa plasta mwezi wa tatu, mvua ikinyesha. Mwisho wa Mei nilipewa karatasi ya randevu, siku ya kuja kufungwa mguu, na chini yake waliandika: aje na viatu vyake.

Nilimsomea mama kwenye simu.

"Viatu gani?" akauliza.

"Niko na ile ya plastiki, nyeusi."

"Katungu, hapana. Hautaenda kwa biro ya watu na plastiki. Watasema hauna wazazi. Ngoja."

Nikangoja. Kama barabara ilikuwa imekatwa, mama alijua nyingine. Aliwapa watu wa basi mfuko, ukapita Kasindi, ukaingia Uganda, ukalala Kampala, ukashuka Kigali, ukavuka mpaka Gisenyi, ukafika Kyeshero baada ya wiki tatu. Nililazimika kuomba randevu mpya. Ndani kulikuwa na viatu vya ngozi nyeusi, vya kufunga kwa kifungo cha shaba, na kisigino cha vidole vitatu. Vyote viwili, cha kulia na cha kushoto. Mama hakutuma kimoja. Niliketi nyuma ya pazia nikivishika, nikalia kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

Fundi wa miguu aliitwa Monsieur Aimé. Alikuwa kijana mwenye adabu, mikono laini, kalamu tatu mfukoni. Alikitazama kiatu cha kushoto, akakisifu, akauvisha ule mguu mpya, akapima, akakaza, akapima tena. Aliponisimamisha kati ya fito mbili za chuma za kushikilia, nilitembea. Hatua nne, kisha kumi. Aliniambia niachie mikono, nikaachia. Walipiga picha nikicheka, nayo nadhani iko mahali fulani kwenye ripoti. Halafu msichana wa biro akaniletea fomu: umeridhika na huduma? Nikaweka alama kwenye "sana". Sikudanganya. Siku ile nilikuwa nimeridhika sana.

Nilipofika nyumbani nilifanya kile ambacho msichana yeyote wa kwetu angefanya. Nilivua viatu vizuri, nikavipangusa, nikavirudisha kwenye boksi chini ya kitanda, viwe vya misa. Mama mwenyewe alikuwa amesema, "Usivimalize kwa mawe." Na Goma ni mawe. Volkano ilitutengenezea barabara kwa namna yake, ngozi nzuri haimalizi mwezi. Nikavaa plastiki zangu nyeusi, zile bapa ambazo mji mzima unavaa mvua ikinyesha, nikatoka kwenda kuchota maji kwa miguu yangu miwili.

Nilianguka kabla ya kufika kwenye bomba.

Nikasema nimechoka. Kesho yake nikaanguka mlangoni. Ilikuwa kama mtu asiyeonekana ananisukuma kifuani kwa kiganja. Goti lilirudi nyuma, kiuno kikauma, na hata kwenye sementi iliyonyooka ya nyumba nilikuwa ninapanda mlima. Kutoka kitandani hadi jikoni, mlima. Kutoka jikoni hadi mlangoni, mlima vile vile. Jioni kigutu kilikuwa kimevimba na kuchubuka mbele.

Halafu ikaja Jumapili. Nikavaa viatu vya mama, nikaenda parokia nikiwa nimeshika mkono wa Masika, na karibu na mlango nikaachia. Nikatembea. Nilikwenda kukomunika na kurudi, peke yangu, mbele ya watu wote. Mama mmoja wa kwaya alinikumbatia, akasema, "Hiyo ni neema ya Jumapili, mutoto wangu."

Nami niliamini. Mtu aliyesoma, mwalimu wa kesho, niliamini kwamba Mungu ananishika Jumapili na kuniachia Jumatatu. Nilimwomba aniongezee hata Jumatano. Siku za kazi nilipoanguka nilijiuliza ni dhambi gani.

Masika hakuamini neema. Siku moja aliokota bidoni ya maji niliyoiangusha, akasimama juu yangu.

"Jumapili unatembea kama bibi arusi. Ukitumwa maji unaanguka. Katungu, unanichezea?"

"Sikuchezei."

"Basi niambie mimi nielewe nini."

Hilo ndilo lililoniumiza kuliko kuanguka. Mimi mwenyewe, kama ningemwona mtu wa namna hiyo, ningesema anajifanya.

Nilirudi Himbi kulalamika mara tatu: Julai, Agosti, Oktoba. Na kila mara, kwa sababu ninaenda kwenye biro ya watu, na kwa sababu mimi ni mtoto wa mama yangu, nilivaa viatu vya Jumapili. Nilikodi pikipiki mpaka mlangoni ili visichubuke. Monsieur Aimé aliniambia nitembee. Nilitembea vizuri kabisa, nikimweleza huku ninatembea kwamba siwezi kutembea.

"Mademoiselle, mguu uko sawa," alisema. "Ni kichwa ndiyo inaogopa. Utazoea."

Mara ya tatu aliandika kitu kwenye dosye. Mimi ninasoma maandishi yaliyogeuzwa, nilijifunza nikiwa mtoto kwenye daftari za wateja wa mama. Aliandika: hana ujasiri. Nikasema aksanti. Msichana wa biro akanipa tena ile fomu ya kuridhika, na tena nikaweka alama kwenye "sana", maana safari hii niliogopa kwamba wanaolalamika wanaondolewa kwenye orodha. Kama umewahi kuweka alama ya namna hiyo, ujue hauko peke yako. Ila ujue pia kwamba hiyo alama inakaa kule, inasema umeridhika, na wewe uko chini umeanguka.

Mwaka wa masomo uliyumba kwa sababu ya vita, lakini Novemba chuo kilitangaza staji, yaani mazoezi ya kufundisha. Masomo ishirini, mbele ya wanafunzi wa sekondari, na mkaguzi amekaa nyuma. Mkuu wa idara yetu, muzee mkali lakini si mbaya, aliniita.

"Utafundisha umesimama, unaandika ubaoni. Siwezi kukupa mpango mwingine, itakuwa vigumu kwako baadaye. Kama hauwezi, ungoje mwaka kesho."

"Nitaweza, Papa."

Mwaka kesho maana yake nisingekuwa kwenye orodha ya mwaka huu. Dosye ingefungwa, na mguu wowote ambao ningehitaji baadaye ningejitafutia mwenyewe. Na zaidi ya hapo, nilitaka kuwa mwalimu. Ninasema wazi, maana kuna watu waliodhani nilitaka tu kutoka nyumbani. Nilitaka kusimama mbele ya watoto na kuwaeleza dunia iko namna gani.

Shule ilikuwa mbali, njia yote mawe, na mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Nilivaa plastiki. Nilifika nikiwa nimelowa jasho chini ya koti. Niliandika tarehe ubaoni, nikaandika kichwa cha somo, nikarudi nyuma hatua moja kuangalia kama mstari umenyooka. Kile kiganja kikanisukuma kifuani. Nilianguka chali, chaki mkononi, sketi ikapanda, na mguu wa plastiki ukaonekana mpaka kwenye goti.

Hawakucheka. Ningependa wangecheka. Walinyamaza, watoto hamsini na kitu, kwa ule unyamavu wa watoto ambao wameona mambo mengi. Msichana wa dawati la mbele alikuja, akaiokota chaki, akaniwekea kiganjani na kuvikunja vidole vyangu juu yake.

Sikurudi pale kwa wiki saba.

Siku zile nilikaa nyuma ya pazia. Mizinga ilisikika upande wa Sake, na watu wa nyumba walikuwa wanasikiliza kujua kama inakaribia. Mimi nilisikiliza kwa namna ya mtu ambaye hata ikikaribia hatakimbia. Walipopanga mifuko ya kubeba tukitakiwa kuondoka, nilisikia wakigawana nani atabeba nini: godoro, sufuria, mtoto mdogo. Jina langu lilikuja mwisho. Shemeji akasema, "Na Katungu?" Kukawa kimya. Masika akasema, "Katungu nitamubeba miye." Alisema bila kusita, lakini kile kimya kilikuwa kimeshanifikia.

Noeli ikapita. Mwanzo wa Januari niliamua kuurudisha ule mguu. Niliwaza: mtu mwingine mwenye kichwa kisichoogopa atautumia. Nitaandika barua ya kuahirisha mwaka, nitamwambia mama kwamba chuo kimefungwa kwa vita, hataweza kuhakiki. Masika alitaka kunisindikiza, nikakataa. Na sikuvaa viatu vya Jumapili. Hauvai viatu vya misa kwenda kurudisha mzigo. Nilivaa plastiki, zina tope mpaka juu, na pikipiki ikaniacha kwenye kona, nikapanda ule mlima wangu mpaka kwenye biro.

Benchi la kijani lilikuwa limejaa. Nilisimama nikiegemea ukuta. Kwenye benchi la njano alikuwepo mama mmoja mwenye kitenge cha rangi ya machungwa. Baadaye niliambiwa anaitwa Mama Zawadi, wa kambi moja ya pembeni ya mji, anauza makaa. Alikuwa ananitazama miguu tangu nilipoingia, bila haya yoyote.

"Weye, mwanafunzi," akasema. "Unapandaka mulima gani humu ndani?"

Nilishtuka. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote lile neno.

"Mama, umejuaje?"

"Ninaona. Goti yako inakimbilia nyuma. Walikupima na hii biatu?"

"Hapana. Walinipima na vya misa."

"Biko na kisigino?"

Nikamwonyesha kwa vidole vitatu. Alicheka kidogo, si kwa kunidharau, akapiga benchi kwa kiganja ili niketi karibu naye, upande wa njano. Nikaketi. Akakunja sketi yake kidogo, akanionyesha mguu wake wa bandia, wa kulia, umevaa kiatu cha plastiki cheusi kama changu, kimekatika pembeni na kushonwa kwa uzi wa gunia.

"Miye nilitoka Masisi mbio na hizi," akasema. "Waliniambia nilete biatu yangu. Nilikuwa na haya siku ile, batu wote wamevaa muzuri. Lakini sikuwa na ingine. Wakanipima na hii, na hii njo ninavaaka siku zote. Sijaanguka hata mara moja."

Halafu alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja mara nyingi mpaka kikawa kinene kama kipande cha sabuni, akanivua kiatu cha kushoto kama mama anavyomvua mtoto, akaweka kile kitambaa ndani, kwenye kisigino, akanivisha.

"Simama."

Nilisimama. Sakafu ikanyooka.

Sina namna nyingine ya kusema. Miezi saba sakafu zote za Goma zilikuwa zimeinama, na sasa ile moja ilinyooka. Nilikwenda mpaka kwenye ile picha ya baiskeli na kurudi. Nikageuka. Nikarudi nyuma hatua moja, makusudi. Hakuna aliyenisukuma. Nilimwangukia Mama Zawadi kifuani nikalia mpaka watu wa mabenchi yote mawili wakageuka, na yeye akawa ananipiga mgongoni akisema, "Basi, mwalimu. Basi." Sijui ni nani alimwambia ninasomea ualimu. Labda alikisia.

Monsieur Aimé alitoka kwa sababu ya kilio. Nilimweleza, nikamwonyesha kiatu, nikamwonyesha kitambaa. Uso wake ulibadilika polepole.

"Lakini wewe unakuyaka siku zote na ile ya ngozi," akasema.

"Kwa sababu nilikuwa ninakuja kwenu."

"Haukusema kama uko na ingine."

"Haukuniuliza."

Nilidhani atajitetea. Badala yake alikaa chini, kwenye sakafu, na suruali yake iliyopigwa pasi, akatoa ufunguo mdogo kwenye mfuko wa koti. Akalegeza vijiti viwili hapo juu ya kifundo, akageuza kidogo ili mguu ukae sawa na kiatu kisicho na kisigino, akakaza. Akaniambia nitembee na plastiki zangu, bila kitambaa. Akarekebisha tena. Dakika kumi, pengine hazikufika.

"Pardon, Mademoiselle," akasema akiwa bado chini.

Hapo ndipo kiburi changu kilipozinduka, na nilikifurahia kama mgeni aliyechelewa. Nikamwambia alete dosye yangu. Nikamwonyesha pale alipoandika kwamba sina ujasiri. "Andika chini yake," nikasema. Akaandika, na safari hii sikulazimika kusoma kinyume: kampuni haikuuliza anavaa nini kila siku. Akatia sahihi. Nikaomba ile fomu ya kuridhika, nikaandika mwenyewe, kwa maneno, mpaka nafasi ikaisha.

Staji niliimaliza. Mkuu wa idara alinihesabia wiki nilizopoteza kama ugonjwa. Masomo ya mwisho niliyafundishia kwenye ukumbi wa parokia, maana madarasa yalikuwa yamejaa watu waliokimbia vita. Yule msichana wa dawati la mbele alikuwepo, na nilipopata nafasi nilimpa chaki aandike tarehe. Sikupata alama za kushangaza. Nilipata zinazotosha. Masika aliposoma karatasi aliikunja, akasema, "Na mimi nilisema unanichezea." Nikamwambia yamekwisha. Hayajaisha kabisa, lakini yanakwisha.

Sasa sikiliza wewe unayesoma. Nenda kwao na viatu unavyochotea maji. Viwe na tope, si neno. Wakikupa fomu, usiweke alama siku ya kwanza. Omba uirudishe baada ya mwezi. Na ukae kwenye benchi lisilo lako. Nyinyi mnaotuletea vifaa, sina ubaya nanyi, mguu wenu ulikuwa mzuri. Ila mtu anapokuja kwenu amevaa vizuri, mjue amevaa kwa ajili yenu. Muulizeni anavaa nini mkiwa hampo.

Neema ya Jumapili iliondoka, bila shaka. Viatu vya mama sasa vinanisukuma mbele, vinataka nipige magoti kabla ya wakati. Ninaenda misa na plastiki. Yule mama wa kwaya ananitazama miguu kwa masikitiko.

Kwa mama nilinyamaza mpaka Pasaka. Kila Jumatano aliuliza, "Biatu binatembea?" nami nikasema vinatembea. Siku niliyomwambia ukweli nilijipanga, nikaanza na fundi, nikaanza na kampuni, nikamlaumu kila mtu kabla ya kufika kwenye kisigino. Mama ni mtu wa viatu. Alielewa kabla sijamaliza. Simu ilikuwa kimya hivi kwamba nilidhani mtandao umekatika.

"Miezi saba?" akauliza.

"Imepita, mama."

"Nilitaka wakuheshimu," akasema. Na mara hii mtandao ukakatika kweli.

Baada ya wiki tano ulikuja mfuko mwingine, umepita njia ile ile ndefu ya Kampala. Ndani kulikuwa na viatu vya plastiki, vyeusi, bapa, vipya. Jozi mbili. Moja ilikuwa namba yangu. Nyingine ilikuwa kubwa kidogo, nikadhani wamekosea, mpaka nilipoona karatasi aliyoitia ndani ya kiatu cha kulia: hizi ni zangu, uniwekee, nitavaa twende misa siku nitakayofika.

Barabara bado haijafunguka. Viatu vya mama viko chini ya kitanda changu, kando ya vile vya ngozi, na kila Jumamosi nikipangusa vyangu, ninavipangusa na vyake.